Shuka la Shubiri Tatu

Usiku wa kuamkia leo niliota ukoo wetu wote umehamia ndani ya shuka la harusi, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kujenga barabara.

Ndotoni ilikuwa mchana kweupe. Shangazi Sikudhani ameketi katikati ya mraba wake wa kitenge cha maua ya njano, kuta za kitambaa zimemzunguka, anapepeta mchele. Pembeni yake, kwenye mraba wa kijani, Mama Mkubwa Hidaya anamenya vitunguu. Kila mwanamke kwake, mlango wazi. Kati ya nyumba na nyumba hakuna kitu. Si shimo, si mfereji. Hakuna kitu tu, pale ambapo kitambaa kimeishia.

Mimi nimesimama pembeni na jora zima la kitambaa cheupe begani. Sikushangaa hata kidogo. Nilichowaza ni kwamba jora ni zito na hakuna aliyejitolea kunipokea.

Ngoja nieleze kidogo, maana ndoto haikujisumbua kueleza.

Katika ukoo wetu, hapa Korogwe, binti haolewi na blanketi la dukani. Kila shangazi, kila mama mkubwa na mama mdogo, na bibi akiwa hai, hushona mraba mmoja wa viraka, na mraba huo huupima kwa mkono wake mwenyewe: shubiri tatu kwa shubiri tatu. Futi kamba hairuhusiwi. Ukiileta utaulizwa kama unajenga choo. Maana yake ni kwamba binti akijifunika huko aendako, amefunikwa na mikono ya wanawake wote wa kwao. Ni jambo tamu sana kulisikia. Kuliunganisha, mraba kwa mraba kwa kanda za kitambaa cheupe, ni balaa, kwa sababu mikono ya ukoo wetu haijawahi kukubaliana. Shangazi Sikudhani akifungua kiganja chake, sinia inafichika. Mama Mdogo Rukia anavaa bangili za watoto.

Safari hii kazi ya kuunganisha nimepewa mimi, Kidawa, eti kwa kuwa nina cherehani. Anayeolewa ni mdogo wangu Mwajabu, na watu wa Muheza, upande wa mume, wanakuja kesho kutwa kuchukua vitu vyake. Jana nilipanga miraba sakafuni. Minane ilizidiana kidole hiki na kile, nikasema hewala, nitajua la kufanya. Wa tisa ulikuwa wa Bibi Mwantumu, aliyetulea mimi na Mwajabu. Mkono wake wa kulia umejikunja tangu alipougua, hata kikombe hukishika kwa shida. Ameushona msimu mzima, kiraka kwa kiraka, na shubiri zake tatu zimetoa kitu cha kufunikia kapu la mayai.

Shangazi Sikudhani aliutazama akasema ufanywe foronya, usije ukatuaibisha mbele ya watu wa Muheza. Mwajabu akasema mraba wa Bibi usipokuwemo, shuka lenyewe libaki Korogwe. Bibi alikuwa chumbani, na ukuta wetu hauzuii maneno. Nikaenda kulala nimeyabeba hayo tumboni.

Sasa turudi kwenye shuka.

Naanza kwa Shangazi Sikudhani. Nashika ncha ya jora, naibandika kwenye kona ya nyumba yake, nashona huku natembea, na nikifika kona ya pili nakata kwa mkasi. Barabara ya kwanza tayari, nyeupe, imenyooka. Naenda kwa Mama Mkubwa Hidaya, nafanya hivyo hivyo. Nimepata moto, sitaki hata maji. Kila nyumba naipa barabara yake, ndefu kadiri ya nyumba yenyewe, na naimba huku nakata.

Halafu barabara zikakutana.

Moja iliishia kabla ya njia panda, ikabaki inatazama wenzake kwa mbali. Nyingine ilipitiliza. Ya kwa Shangazi ilinyanyuka katikati ikawa mlima, na mchele wake ukaanza kumporomokea miguuni.

"Huu mlima mlangoni kwangu kauleta nani?" Shangazi aliuliza.

"Ni barabara, Shangazi."

"Barabara gani ina kitambi?"

Sikupata nafasi ya kujibu, kwa sababu msafara ulikuwa umefika. Mwajabu yuko mbele, kajitanda kanga, nyuma yake wanawake na masinia kichwani. Nikajua, namna mtu anavyojua mambo ndotoni, kwamba Mwajabu lazima apite kila nyumba, aagwe na kila mwenye nyumba, ndipo atoke nje ya pindo kwa watu wa Muheza. Nyumba asiyoipita, mkono wake hatakwenda nao. Na kulikuwa na haraka, kwa kuwa jua la siku ile lilikuwa kifungo cha shaba kilichoshonewa mbinguni, na uzi wake ulikuwa umeanza kulegea.

Mwajabu anaagwa na Mama Mkubwa Hidaya. Anavuka barabara aingie kwa Mama Mdogo Rukia. Anapiga paji la uso ukutani.

Mlango wa Mama Mdogo upo, tunauona, umesogea kidole kimoja tu pembeni. Lakini kidole kimoja cha shuka, ukiwa ndani yake, ni mwendo wa kutwa.

"Dada," Mwajabu akaniambia, anajisugua paji la uso, "hii ndiyo kazi yako ya ufundi?"

Nikawa natafuta pa kuficha uso, ndipo ikaja pasi.

Ilikuwa pasi ya mkaa ya Bibi, ile yenye jogoo wa chuma kwenye komeo. Haikuteleza. Ilikuja kwa kukanyaga: inashuka, inatulia, inanyanyuka, inashuka mbele kidogo. Moshi unatoka ubavuni. Kwa kuwa imenizidi umri, nikaiamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani kakufundisha kunisukuma?"

"Mbona leo sijakusukuma?"

"Jana ulilipasi jora hili. Ulinisukuma mbele nyuma, mbele nyuma, unapiga deki. Kitambaa chenye joto ukikivuta kinarefuka kwa adabu tu. Kikipoa kinadai chake."

"Ni kweli," jogoo akasema. "Mimi nilikuwepo, nilikuwa juu."

"Pasi inakanyaga," pasi ikaendelea. "Inanyanyua mguu, inakanyaga. Anayesukuma ni mwenye mkokoteni."

Ikapanda juu ya mlima wa Shangazi, ikatulia pale kwa muda wa mtu kuvuta pumzi, ikashuka. Mlima ukawa tambarare. Shangazi akaangua kigelegele kimoja, kifupi, asije akaonekana amefurahi.

"Na zile fupi na ndefu?" niliuliza.

"Urefu si idara yangu. Nenda kwa Meno."

Nilipogeuka, barabara hazikuwepo. Niko chini ya sahani ya cherehani yangu, mahali pa giza na mafuta, na mbele yangu Meno ya cherehani, yale yanayosukuma kitambaa, yameketi safu mbili yakitafuna polepole. Hayakuwa na midomo. Yalikuwa meno tu, na yalikuwa na heshima zake.

"Barabara zako umezipima kwa nani?" yaliniuliza yote pamoja.

"Kila moja kwa nyumba yake."

"Kwa hiyo kila moja ina tabia ya mwenye nyumba."

Nikafikiria barabara yenye tabia ya Shangazi Sikudhani.

"Zifumue," yalisema. "Kata zote urefu mmoja kabla hujaigusa nyumba yoyote. Barabara haimfuati mtu. Mtu ndiye anayekuja barabarani."

"Na nyumba ikiwa imezidi?"

"Barabara ikae juu, nyumba ikae chini, upande wetu. Kilicho chini sisi tunakimeza kidogo kidogo, bila kelele, mpaka vifike kona pamoja."

"Ikipungua?"

"Igeuze. Barabara iwe chini."

"Ikipungua sana?"

Meno yakaacha kutafuna. Nikasikia mafuta yakidondoka.

"Sisi tunameza ziada," yakasema. "Utupu hatuumezi."

Sikuwa na muda wa kuuliza zaidi. Nikarudi juu mbio, nikafumua, nikakusanya barabara zote mkononi. Urefu mmoja, lakini urefu wa nani? Nikazitazama zile nyumba nane, nikachagua ile isiyo kubwa wala ndogo, ya Mama Mkubwa Hidaya. Nilipotangaza, alinyanyuka, akanawa mikono, akavaa viatu. Tangu hapo hakumenya tena kitunguu.

Nakata. Barabara zote zinatoka sawa, nazipanga moja juu ya nyingine, ncha kwa ncha, na mwili unanisisimka. Yule asiyewahi kuona vitambaa vimelingana hivyo sijui nimwambie nini.

"Shangazi," nasema, "tafadhali ukae chini."

"Mimi? Nikae chini ya barabara?"

"Una ziada kidogo, Shangazi."

"Ziada yangu nimepewa na Mungu."

"Haikatwi. Inamezwa kidogo kidogo tu."

Akakaa, amenuna. Barabara ikapita juu, cherehani ikaanza, na Meno yakaanza kumla taratibu upande wa ukuta. Shangazi Sikudhani, ambaye sijapata kumwona akicheka tangu nizaliwe, akaanza kutekenyeka. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Basi jamani, hapo mbavuni, basi," alisema, na nilipofika kona, ukuta na barabara vimekwisha pamoja, na mkunjo haupo hata wa dawa.

Nikapiga mbio nyumba ya pili. Pini zikaja zenyewe, zenye vichwa vya rangi, zikajipanga kando ya barabara: moja mwanzo, moja mwisho, moja katikati, kisha nyingine zikagawana nafasi zilizobaki. Zilikuwa kali.

"Mkono wako usitoke hapa mpaka tuseme," iliniambia pini nyekundu.

"Najua kazi yangu."

"Tuliona."

Chaki ya bluu nayo ikatokea, pembe tatu, inakimbia kwa pembe moja. Kabla sijashona barabara ndefu ya kupita kati ya safu moja ya nyumba na nyingine, ikavuka barabara ikachora mstari kutoka kona ya Mama Mkubwa Hidaya hadi pale kona ya Mama Mdogo Rukia inapotakiwa kukaa. "Mlango kwa mlango," ilisema. Ikakimbia kona nyingine. "Mlango kwa mlango." Nikaleta nyumba ya Mama Mdogo hadi kwenye mstari, pini zikaidaka, nikashona.

Mwajabu anavuka. Anaingia moja kwa moja, paji la uso zima. Mama Mdogo Rukia anampokea, anamshikisha mkono wake mdogo, anamwachia. Anavuka tena. Nyumba, barabara, nyumba, njia panda, nyumba. Vigelegele vinamfuata, masinia yananesa, mimi nashona mbele yake na yeye anakuja nyuma, karibu anikanyage visigino, na nacheka peke yangu kwa furaha. Sijawahi kufanya kazi namna hiyo. Kila kona iliyokutana na mwenzake ilinipa raha mwilini.

Tukafika katikati ya shuka.

Nyumba ya Bibi Mwantumu imesimama pale peke yake. Ni ndogo, ya viraka vya gauni zake za zamani, na kuizunguka pande zote hakuna kitu. Barabara zangu nne zimefika na kusimama kwa mbali. Bibi ameketi ndani, mkono wa kulia mapajani umejikunja, anatutazama kama tumechelewa chakula.

Huko nje ya pindo, watu wa Muheza walipiga hodi. Kifungo cha jua kiliteremka kidogo kwenye uzi wake.

"Pita pembeni, mwanangu," Shangazi Sikudhani alimwambia Mwajabu. "Bibi mpungie mkono kutoka hapa hapa. Ataelewa."

Mwajabu akaketi katikati ya barabara, akakunja miguu.

"Sitoki," alisema.

Masinia yakashushwa. Wote wakageuka kunitazama mimi.

Nikajinyoosha juu ya ule utupu, nikashika ukuta wa nyumba ya Bibi, nikavuta. Viraka vikalia. Nikavuta tena.

"Usinivute, mke mwenzangu," Bibi alisema. "Mimi si mpira."

"Bibi, nyumba yako ni ndogo."

"Ndogo kwa nani? Nalala humu, nageuka, naswali. Nyumba haina kosa. Njia zenu ndizo zimekaa mbali."

"Sasa nifanyeje?"

"Nijengee uwanja."

Alisema hivyo kama mtu anayeagiza chumvi. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya ule utupu, na vidole, vile vidole nilivyozoea kuvikanda kila asubuhi kwa mafuta ya nazi, vikafunguka kimoja kimoja, vikalala sambamba, mkono ukawa bapa na mzima.

"Vidole vitatu ndio upana," alisema. "Cha nne ni cha mshono. Pimeni upesi, mkono huu si wa kukaa hivi siku nzima."

Chaki haikusubiri kuambiwa. Ikapita ubavuni mwa kidole cha shahada, ikazunguka, ikapita ubavuni mwa kidole cha mwisho, na upana wa uwanja ukawa umechorwa.

Ndipo nilipoona jora limekwisha. Begani nina kijiti kitupu.

Nikageuka kwa wanawake. Mmoja alitazama vitunguu vyake, mwingine bangili zake. Shangazi Sikudhani alikohoa. Akainua mkeka wake, akatoa kipande kirefu cha kitenge cha maua ya njano kilichokunjwa vizuri.

"Kilibaki," alisema. "Nilikificha nijishonee kilemba cha kuvaa Muheza."

"Shangazi."

"Chukua kabla sijabadili mawazo."

Nakata. Ukanda wa kwanza, wa pili, kwa alama ya mkono wa Bibi. Nashona juu, nashona chini, pasi inakanyaga nyuma yangu, inanyanyua, inakanyaga, jogoo anahesabu pumzi. Ukanda wa tatu. Kifungo cha jua kimebakiwa na uzi mmoja. Ukanda wa nne, wa upande wa kibla, niliukata kwa jicho, sikupima, maana hodi za Muheza zilikuwa zimegeuka makofi. Nikaushona, nikaugeuza, na ukingo wa njano ukagusa ukingo wa barabara nyeupe pande zote nne. Kona zikakaa. Meno yakanyamaza.

Na nyumba ndogo kuliko zote ikawa ndiyo yenye uwanja. Nyingine zote zilikuwa zimepakana na barabara, hazina hata pa kuweka jiko. Kwa hiyo wote wakaja kwa Bibi: masinia, mashangazi, pini, hata Mama Mkubwa Hidaya na viatu vyake. Ngoma ikaanza juu ya maua ya njano. Shangazi Sikudhani alicheza mbele kabisa, kama mwenye uwanja ni yeye.

Mwajabu akaingia kwa Bibi, akapiga magoti. Bibi akamwekea kichwani mkono ule wa kulia, uliofunguka, wote, kiganja na vidole vitano. Hakusema kitu kirefu. Alisema, "Nenda, mwanangu." Mimi nililia pale pale mbele ya pini, na sikuona haya.

Uzi wa jua ukakatika. Kifungo kikaanguka, kikadunda kwenye sakafu mara moja, mara mbili, kikaviringika, na mlio wake ulikuwa ule wa kifuniko cha birika.

Nikafumbua macho. Kumekucha, na jikoni Mwajabu ameangusha kifuniko cha birika. Nilivaa kanga upande, nikatoka mbio kwenda kumwambia, mdomo umejaa, sijui nianzie wapi. Shuka lilikuwa bado halijashonwa, miraba tisa imelala sakafuni nilivyoiacha. Niliiruka.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake kizingitini. Mwajabu amemshika mkono wa kulia, ule ule uliojikunja, anamnawisha kwa maji ya moto kabla ya chai, na amekunja uso.

"Dada, Bibi kagusa chaki yako saa ngapi?"

Nikainama kutazama. Ubavuni mwa kidole cha shahada kulikuwa na mstari mwembamba wa bluu, umenyooka. Ubavuni mwa kidole cha mwisho kulikuwa na mwingine.

Nikachuchumaa mbele ya Bibi.

"Msinisugue sana, kunauma," Bibi alisema. "Usiku kucha nimenyooshwa." Akapokea kikombe kwa mkono wa kushoto, akapuliza chai, akanitazama mimi. "Na wewe, ule upande wa kibla umenipunja. Ongeza kidole."